Sumu ya nyigu isigeuke sumu ya kuku

UFUGAJI wa kuku uani si jambo geni katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani, Ilala na Buguruni jijini Dar es Salaam. Pamoja na ghorofa zinazoota kila kukicha, bado zipo nyumba za Kiswahili zenye ua wa nyuma, na katika ua huo hakukosekani banda la mbao chakavu na mabati lenye kuku kumi, ishirini au hata hamsini. Kwa kina mama wengi kuku hao ndio ada ya shule na akiba ya siku ya ugonjwa.

Banda la namna hiyo ndilo nyigu wanalolipenda. Lina kivuli, mvua haiingii, mbao chakavu wanazikwangua kupata malighafi ya kiota, na maji yapo karibu kwenye chombo cha kuku. Kiota huanza kidogo kama kifungo cha shati, kikining'inia kwa kikonyo kimoja chini ya bati. Kikiachwa kinafikia ukubwa wa kiganja, na anayeingia kuokota mayai anatoka mbio. Nyigu, tofauti na nyuki, haachi mwiba wake mwilini. Anaweza kuuma tena na tena. Kifaranga akivamiwa na wengi, hana pa kukimbilia.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, huletwa na mfugaji mwenyewe anapotafuta dawa. Anakwenda Kariakoo, anaomba "dawa ya wadudu", anapimiwa kwenye chupa ndogo ya maji ya kunywa isiyo na lebo, anaambiwa changanya na maji upulize. Muuzaji haulizi kama kuna kuku. Mnunuzi naye haulizi jina la dawa. Kesho yake asubuhi nyigu wamekufa, na kuku pia.

Viuatilifu vya kundi la organofosfeti, kama vile diazinon, ni hatari sana kwa ndege. Huvuruga mishipa ya fahamu. Kuku hutoka udenda, mabawa hulegea, pumzi hukata. Wala si lazima apuliziwe. Kuku hudonoa kila kinachotikisika chini, na nyigu aliyeanguka akiwa na sumu mwilini ni chakula kwake. Marekani ilizuia diazinon kwenye viwanja vya gofu katika miaka ya 1980 baada ya mabata bukini kufa kwa wingi kwa kula nyasi zilizopuliziwa. Dawa zitokanazo na pareto, zao linalolimwa hapa nchini katika nyanda za juu kusini, zina nafuu kwa kuku, ingawa nazo hazitakiwi kugusa pumba, maji wala mayai.

Wapo wanaokimbilia mafuta ya taa na kibiriti. Katika mitaa ambako ukuta wa nyumba moja ndio ukuta wa nyingine, na ambako watu waliona soko kuu likiteketea usiku wa Julai 10, 2021, huo ni ujasiri usio na maana.

Njia iliyo salama haina gharama. Kuku wahamishiwe kwenye matenga jioni kabla ya giza, mbali na banda, na vyombo vyao vya chakula na maji viondolewe. Saa 2 usiku nyigu wote wamerudi na wametulia. Anayefanya kazi avae nguo nzito za mikono mirefu, afunike kichwa na uso, na tochi aifunike kwa kitambaa chekundu, kwani wadudu hao hawaioni vema rangi hiyo. Kiota kilowanishwe kwa maji yenye sabuni nyingi kwa kutumia bomba la mkono. Sabuni huyawezesha maji kupenya kwenye vitundu wanavyopumulia, nao hufa upesi. Kiota kikwanguliwe na kufukiwa, na kikonyo kifutwe. Mwenye historia ya kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kuumwa asithubutu kazi hiyo. Hali hiyo ikimpata mtu yeyote, awahishwe hospitali bila kusubiri.

Kiota kilicho juu ya mwembe, pasipopita mtu, kiachwe. Nyigu hao hao huwinda viwavi wanaotoboa mchicha.

Upande wa biashara, inashangaza kuona sumu ikipimwa kama mafuta ya kula. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayosajili viuatilifu. Pamoja na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2021 imechukua nafasi ya Manispaa ya Ilala, ina kila sababu ya kupita duka kwa duka na meza kwa meza. Kiuatilifu kiuzwe katika chombo chake, chenye lebo ya Kiswahili inayosomeka, na anayekiuza ajue kinaua nini.

Mfugaji naye atupie jicho chini ya bati kila anaposafisha banda. Kiota chenye nyigu mmoja humalizwa kwa kikombe cha maji ya sabuni na mti wa ufagio.