Fimbo Nzito Haivunji Yenyewe, Mastaa Tuacheni

Kuna staa mmoja wa mjini hapa, jina kapuni, mnamjua kwa cheni zake. Mwezi uliopita katupia video akivunja mipira ya pool kwa fimbo mpya, anajisifia ni aunsi 21, "mzigo wa wanaume." Mipira ikatawanyika, laiki zikamwagika. Wiki iliyofuata mshikaji wangu kaingia kijiweni na ya kwake, uzito uleule. Laki tatu na nusu, na hela yenyewe ya kausha damu.

Usiku ule ule kafungwa mechi tatu. Mbili kati ya hizo mpira mweupe ulizama kwenye kuvunja.

Sasa mkitaka kunitukana nitukaneni, ila mimi nasema hii kitu ya "nzito ndiyo kali" ni uongo unaokula hela za watu. Fimbo nyingi za kuvunjia madukani zinaanzia aunsi 18 mpaka 21, yaani gramu 510 hadi 595 hivi. Tofauti ni gramu 85, haifiki mayai mawili. Chukua mpira mweupe wa gramu 170, upige na fimbo zote mbili kwa kasi moja. Kihesabu, ile ya 21 inaupa mpira kasi zaidi kwa asilimia 4 tu. Nne! Mkono ukichelewa kidogo kwa sababu ya huo uzito, faida yote imekwenda na maji.

Kinacholipa ni kasi ya mkono. Ongeza uzito kwa asilimia 10, nguvu ya fimbo inapanda asilimia 10. Ongeza kasi kwa asilimia 10, nguvu inapanda 21. Na kabla ya yote hayo, gonga mpira katikati. Ukikosea kidogo mweupe unakwenda pembeni, mipira mingine inasogea kivivu kama abiria wa mwendokasi asubuhi, na mwenzio anakuta meza tamu.

Sikatai, wapo watu mkono wao ni wa taratibu, nzito inawatuliza, na wanavunja vizuri kabisa. Ila hao wamejaribu, hawakuangalia video. Anza na uzito wa fimbo unayochezea kila siku, azima ya aunsi moja chini na moja juu, vunja mara 10 kwa kila moja. Usisikilize mlio, mlio unadanganya. Angalia mweupe unaishia wapi: ukibaki karibu na katikati ya meza na wengine wametawanyika, hiyo ndiyo yako, hata kama ni 18 na washikaji wanakucheka.

Halafu ile fupi ya kurushia mpira. Staa wetu kasema nayo achukue nzito. Aisee! Hapo ni kinyume kabisa. Ukirusha unapiga mweupe kwa juu, unabanwa kwenye jiwe la meza, unadunda. Fimbo nzito inaendelea kushuka wakati mpira unapanda, inauzibia njia. Nyepesi inarudi nyuma haraka, mpira unapita. Ndiyo maana fimbo za kurushia ziko nyepesi, nyingi kati ya aunsi 7 na 10, na ncha yake ngumu. Ni fupi pia, ila sheria za dunia hazikubali chini ya inchi 40. Zipo za kuvunjia ambazo unafungua kipande cha nyuma, ya mbele inabaki ya kurushia. Hiyo kwa mwenye hela yake, siyo ya mkopo.

Na kama kwenu mnacheza blackball, kuuruka mpira mwingine ni faulo. Kwa hiyo unanunua fimbo ya kurushia ukamrushie nani? Uliza sheria za kijiweni kwenu kwanza.

Mshikaji wangu bado analipa rejesho kila siku. Siku hizi anavunja na fimbo ya ukumbini, ile iliyofungwa gundi, na tangu arudi kwayo mweupe hauzami hovyo. Ile ya 21 anaiuza laki mbili, bei inaongeleka. Staa na yeye keshahamia gofu.