Bwawa la Karuma liko karibu, mbona bado tunalala gizani?

Ukisafiri kutoka Bweyale kwenda Gulu, unavuka Mto Nile pale Karuma. Chini ya ardhi kuna mitambo sita, kila mmoja wa megawati 100. Bwawa hili lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na hakuna kubwa kulizidi nchini Uganda. Ndiyo maana wakimbizi na wenyeji wa Kiryandongo wanauliza: umeme unazalishwa hapa kwetu, mbona tunawasha tochi?

Umeme unapita wapi?

Umeme wa Karuma hauingii nyumbani moja kwa moja. Laini inayokwenda Kawanda, karibu na Kampala, inabeba volti 400,000. Ikipita juu ya shamba lako, huwezi kuvuta waya hapo. Kwanza umeme upunguzwe nguvu kwenye kituo cha kupozea, usafirishwe kwa nguzo ndogo, upunguzwe tena kwenye transfoma, ndipo ufike kwenye mita. Kazi hizo zina bajeti yake, tofauti na ya bwawa. Kwa hiyo nchi inaweza kuwa na umeme wa kutosha, na kijiji jirani na bwawa kikabaki gizani.

Na maji ya shamba?

Karuma haikujengwa kwa ajili ya umwagiliaji. Maji yakishazungusha mitambo hurudi mtoni kupitia mahandaki yenye urefu wa kilomita kadhaa. Hakuna mfereji wa kuyaleta mashambani. Ukipanga msimu wa mahindi, panga kwa kufuata mvua.

Ufanye nini?

Tangu Aprili 2025, kampuni ya serikali ya UEDCL ndiyo iliyochukua kazi ya Umeme ya kusambaza umeme. Mtu akikuahidi kukuunganisha "kutoka Karuma", usimpe pesa. Uliza kwanza ofisi ya UEDCL. Tumia fundi mwenye kibali. Usivute waya kutoka kwa jirani: unaua, na unaunguza nyumba.

Kwenye mikutano ya RWC na LC1, msiombe "umeme" kwa jumla. Taja mahali: kituo cha afya, shule, kisima chenye pampu, mashine ya kusaga. Transfoma ikiwekwa hapo, mkimbizi na mwenyeji wananufaika pamoja. Ombi la namna hiyo likipelekwa na pande zote mbili, ni vigumu kulipuuza.