Msiwatwike Wazazi Lawama Hizi

Mwandishi anayedai masomo ya mtandaoni yalikwama mwaka 2020 kwa uzembe wa wazazi wa Kenya anawashtaki wasiohusika. Shule zilifungwa Machi mwaka huo kwa sababu ya korona. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Katika nyumba nyingi simu yenye intaneti ilikuwa moja, tena iliondoka alfajiri na mama muuza mboga. Watoto watatu wa madarasa tofauti wakaingoja hadi usiku, ikarudi bando limekwisha. Uzembe uko wapi hapo? Hata penye kompyuta, mtoto wa gredi ya pili hajifunzi peke yake. Lazima mtu mzima aketi naye. Lakini vipindi vya masomo vya redio ya KBC havikuhitaji bando. Serikali iviimarishe hivyo kwanza.