Samaki wa Kwanza Hawaingii Siku ya Harusi

Leo hatuzungumzii mikato wala shela, ingawa habari imeanzia hapo hapo. Mwezi uliopita amekuja dukani kwetu bibi harusi kujaribisha gauni la kupambwa, na huku tukimzungushia tepu kiunoni akatwambia mume mtarajiwa amemwahidi tangi la samaki wa baharini, la lita 80. Yeye anataka siku ya kupambwa lisimame ukumbini karibu na jukwaa, samaki wake wafanane na mapambo, buluu na dhahabu. Akatuonesha picha kwenye simu. Tukasema mashaallah, inapendeza. Kisha tukaweka tepu chini tukamwambia: mwanangu, usifanye.

Tulimkataza kwa sababu sisi tumeshafanya. Miaka minne nyuma tulinunua tangi kwa ajili ya ile kona wanayokaa wateja wakingojea. Aliyetuuzia alisema maji leo, samaki kesho, hakuna shida. Tukamwamini. Siku ya pili tukatia samaki saba kwa mpigo, wakiwemo wawili wa buluu wale wanaoitwa Dory. Siku ya tatu wakawa juu juu wanahema. Siku ya tano walikuwa wamebaki wawili, na mtoto wa mteja mmoja alibandika uso kwenye kioo akauliza, "Hawa wamelala?" Mama yake akatutazama. Kile kisa cha mwanamke aliyemfungia paka bila ya kumlisha tunakijua wote tangu chuoni, na siku ile kilitukaa kooni. Sisi chakula tulikuwa tunawapa, tena kingi. Lakini mnyama uliyemfungia hana pa kukimbilia, na maji tuliyomfungia ndiyo yaliyomuua.

Kilichotokea ni hiki. Samaki anatoa uchafu, na chakula kinachobaki kinaoza. Vyote hivyo vinageuka amonia, na amonia ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Baharini haikusanyiki. Ndani ya tangi lazima waweko bakteria wa kuila: wa kwanza wanaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wanaistahamili ikiwa si nyingi. Bakteria hao wanajijenga polepole kwenye mawe, mchanga na chujio. Kwa kawaida inachukua wiki nne mpaka sita. Tangi jipya linang'ara, lakini halina kitu. Ni sawa na kitambaa cha pamba kilichotoka dukani: usipokilowesha kabla ya kukikata, utashona gauni zuri kisha litakurukia baada ya kufuliwa mara moja.

Kwa hiyo rai yetu kwa mabibi harusi ni kwamba tangi linunuliwe mapema na likae bila ya mnyama hata mmoja. Tia mchanga, mawe, maji yenye chumvi ya kipimo cha 1.025, washa pampu, kisha dondosha kila siku kijipande kidogo cha chakula cha samaki kana kwamba yumo mtu. Nunua vipimo vya amonia na naitraiti. Vitapanda, vitashuka. Vikisoma sufuri vyote viwili, siku kadhaa mfululizo, na huku bado unatia chakula, hapo tangi liko tayari. Mtu akikwambia umwongeze samaki "wa kujaribia maji", mkatalie. Huyo samaki ana roho.

Mawe nayo tuyaseme. Hakuna haja ya kwenda kuvunja matumbawe yaliyo hai. Kisiwa chetu chenyewe kimekaa juu ya matumbawe ya kale, na nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa jiwe hilo hilo. Jiwe kavu lisilo na saruji wala chokaa, likasuguliwa na kuloweshwa vizuri, linatosha kabisa. Maji pia tunayo mlangoni, lakini si ya bandarini wala pale mtaro unapomwaga. Chota mbali, penye usafi, maji yakiwa yamejaa.

Sasa wanyama wenyewe. Mnyama wetu wa kwanza safari hii ya pili hakuwa samaki. Alikuwa konokono. Baada ya wiki chache kioo kilianza kuota ukungu wa kahawia, tukaudhika, kumbe ndiyo dalili kwamba sasa kuna chakula cha konokono. Tulitia wanne tu wa kula mwani. Ukitia kumi wataumaliza ukungu, kisha watakufa njaa mmoja mmoja nyuma ya jiwe, na harufu yake utaijua. Tuliwaacha wiki mbili. Wakitembea na kula, maji ni mazima, maana konokono anaudhika haraka kuliko samaki.

Tahadhari hapa, hasa kwa wenye watoto. Usiokote konokono mzuri pwani ukamtia tangini kwa kuwa gamba lake linapendeza. Wapo wale wa umbo la pia, wenye michoro kama khanga. Hao wana mwiba wa sumu, na aina mojawapo iliyomo katika bahari yetu ya Hindi imeshaua watu. Na wale kaa wanaotembea mchangani usiku na makombe mgongoni usiwatie. Wanaishi nchi kavu, na ukiwazamisha moja kwa moja watakufa. Kiti cha pweza ndiye anayetuuma zaidi, kwa sababu wageni wanamnyanyua kupigia picha na sisi tunaiga. Tangi dogo halina cha kumlisha, atadhoofika wiki baada ya wiki na rangi yake nyekundu bado nzuri. Mwache pale pale alipo.

Samaki wetu wa kwanza wakawa wawili wa machungwa na mistari myeupe, wale watoto wanawaita Nemo. Tuliwachagua waliozalishwa na watu, si waliovuliwa. Waliozalishwa wamezoea tangi na chakula cha kopo, na hakuna jabali lililopungukiwa. Uliza dukani, na umwambie muuzaji awalishe mbele yako. Asiyekula kwake hatakula kwako. Tazama mapezi, tazama kama wanahema kwa kasi, tazama kama wana vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi. Chukua wadogo, mmoja amzidi mwenzake kidogo. Wote huzaliwa wadume, kisha mkubwa ndiye anageuka jike, na jike ndiye anatawala nyumba. Wateja wetu wanalipenda sana hili.

Yule wa buluu tusahau. Anakua mpaka kukaribia urefu wa rula ya skuli, na ni samaki wa kuogelea masafa. Lita 80 kwake ni kabati. Anemoni pia ingoje, itataka taa kali na tangi lililokomaa miezi mingi, na hao wa machungwa wanaishi vizuri bila ya hiyo.

Siku ya kuwaingiza tulifunga duka mapema. Kwanza taa ya tangi tukaizima. Mfuko ukaelea juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane. Kisha tukawamimina samaki na maji yao kwenye ndoo safi, tukateremsha kimpira chembamba cha pampu ya hewa kutoka tangini, tukakifunga fundo jepesi ili maji yadondoke tone tone. Tulikaa kwenye viti vya kushonea tukihesabu matone kama watu waliorukwa na akili. Maji ya ndooni yalipoongezeka mara mbili, kama baada ya dakika 45, tukawateka kwa wavu na kuwatia tangini. Maji ya mfuko tukayamwaga nje, kamwe hayaingii. Konokono na kamba wanataka taratibu zaidi ya hapo, kwani chumvi ikibadilika ghafla wanakufa. Lakini samaki waliosafiri kutwa nzima mfukoni usiwarefushie, maana mfuko ukishafunguliwa ule uchafu uliomo unazidi ukali.

Wenye nafasi wawaweke kwanza wiki nne kwenye chombo cha pembeni chenye pampu, waangalie maradhi. Dawa za shaba zinazotibu vidoa vyeupe zinaua konokono, hivyo hazitiwi kwenye tangi kubwa. Baada ya hapo usiongeze mtu kwa mwezi mzima. Bakteria nao wanahitaji kuzidi kulingana na walaji. Chakula ni kile wanachokimaliza kwa dakika mbili, basi.

Yapo mengine ya kisiwani petu ambayo vitabu vya wenzetu wa baridi havisemi. Wao wananunua vyuma vya kupasha maji moto, na sisi Januari tunaelekeza feni juu ya maji ili yapoe. Maji yakipungua kwa joto unajazia maji baridi yasiyo na chumvi wala klorini, kwa sababu chumvi hairuki na mvuke. Na umeme. Sisi tunaolikumbuka lile giza la kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hatuwezi kuweka wanyama ndani ya nyumba bila ya pampu ya hewa ya betri. Inunue pamoja na tangi, si baadaye.

Sasa hebu rudi ukumbini. Muziki, spika, taa, watu mia nne, watoto wanagonga kioo, tangi limebebwa na gari ya mizigo asubuhi na litabebwa tena usiku wa manane. Ni picha ngapi zitapigwa, na samaki wangapi watafika nyumbani?

Bibi harusi wetu alinuna kidogo, hatumlaumu. Alirudi baada ya siku tatu kuchukua gauni la ndani, akasema wameshakubaliana: tangi litasimama kwenye nyumba mpya, litatiwa maji wiki sita kabla ya harusi, na dada wa bwana harusi ndiye atakayelidondoshea chakula. Wakimaliza fungate wataingiza konokono wanne. Jukwaani tumemshonea pazia la buluu lenye samaki wa dhahabu, tumewatarizi kwa mkono, thelathini na mbili.