LSAT ifanywe mapema



Nawaomba wazazi wenzangu tunaolea huku Marekani tuwahimize vijana wanaotaka kusomea sheria wafanye LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria, Juni au Agosti ya mwaka wa kutuma maombi. Vyuo vingi huanza kupokea maombi Septemba na kugawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia; anayeomba Februari hukuta nyingi zimejaa na fedha za ufadhili zimepungua. Matokeo huchukua takriban wiki tatu, hivyo aliyefanya Juni ana muda wa kurudia. Vitabu vya zamani vya mazoezi navyo viangaliwe: tangu Agosti 2024 mafumbo ya mantiki yameondolewa kwenye mtihani.

Inaniuma kuona kijana hodari akiusogeza mtihani hadi Januari kwa sababu ya zamu za usiku ghalani. Tukiweza, tumsaidie kodi ya miezi miwili asome.

Mzazi,
Minneapolis