Panya Mzima kwa Macho

Trietanolamini imo katika vipodozi vingi. Wamarekani walipoijaribu kwa panya waone kama inaleta saratani, matokeo ya panya wadogo hayakufaa kutolea uamuzi na kazi ikabidi irudiwe. Ini la panya hao lilikuwa na bakteria, Helicobacter hepaticus, ambaye hata bila kemikali yoyote huotesha uvimbe.

Bakteria huyo aligunduliwa kwa mkasa wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1992, katika kituo cha Taasisi ya Taifa ya Saratani kilichoko Frederick, Maryland, uvimbe wa ini ulionekana kwa panya wa kulinganishia, yaani wale wasiopewa dawa wala sumu. Wanakula, wanazaa, manyoya yanang'aa. Ukiwapasua ndipo unakuta ini limeharibika. Ikiwa asiyeguswa anaugua, aliyelishwa kemikali utamlinganisha na nani?

Si majaribio ya kemikali tu yanayopotoshwa na vimelea. Mwaka 2010 ilionekana kwamba panya wenye hitilafu ya jeni ya ATG16L1, inayohusishwa na ugonjwa wa Crohn, walikuwa na kasoro kwenye seli za utumbo pale tu walipokuwa pia na norovirusi ya panya. Wenzao wa jeni hiyo hiyo waliokuzwa kwenye banda safi zaidi hawakuwa na kasoro hiyo. Banda lingekuwa safi tangu mwanzo, jeni ingeonekana haina neno.

Kwa hiyo upimaji wa afya ya panya ni sehemu ya jaribio lenyewe, si kazi ya kuachiwa mhudumu wa banda. Mwongozo wa FELASA, shirikisho la vyama vya Ulaya vya sayansi ya wanyama wa maabara, unataka ufanyike walau kila miezi mitatu. Kwa kawaida panya wachache huwekwa kama walinzi: hutandikiwa maranda machafu yaliyotoka kwenye vizimba vya wenzao, na baada ya majuma kadhaa hupimwa damu, kinyesi na manyoya. Njia hii nayo ina tundu. Virusi vya Sendai husafiri zaidi kwa hewa, na mlinzi anayelalia maranda tu anaweza asivipate kabisa. Ndiyo maana mabanda mengi sasa hupima vinasaba vya vimelea katika vumbi la mabomba ya kutolea hewa.

Gharama ipo, na kwa maabara ndogo inauma. Lakini jaribio la miaka miwili linalotupwa ni ghali zaidi, tena limeua panya bure. Hata hivyo sisi wahariri wa jarida hili hatumkatai panya mwenye minyoo. Kwa kazi fulani anafaa, mradi msomaji aambiwe.

Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote ya panya itaje vimelea vilivyopimwa, njia iliyotumika, tarehe ya kipimo cha mwisho na kilichopatikana. Makala isiyo na maelezo hayo itarudishwa kwa mwandishi kabla ya kupelekwa kwa wahakiki.