Nyoka wa Shaba Anaitwa Prosesi

Wachungaji wetu wa Katwe na Nsambya wanapenda sana kuhubiri juu ya sanamu. Kila mwezi lazima tusikie: tupa hirizi, choma vitu vya babu, usipige magoti mbele ya Bikira kama Wakatoliki. Sawa. Lakini mtu aliyekimbia Masisi au Fizi usiku, mtoto mgongoni, hiyo hirizi ya babu aliibebea wapi? Tulikuja mikono mitupu. Sanamu tuliyo nayo tumeipata hapahapa Kampala, na haichomeki kwa kiberiti, maana ni neno tu. Prosesi.

Usikasirike kwanza. Sisemi kutaka kwenda nchi ya tatu ni dhambi. Mimi mwenyewe nina kesi, na nikiitwa kesho nitakwenda. Mtu asiyeweza kurudi kwao, na hapa kodi ya nyumba inamshinda, ana haki ya kutamani Canada. Ninasema habari nyingine. Yule nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa jangwani, kwa amri ya Mungu mwenyewe, ili walioumwa na nyoka wapone. Kilikuwa kitu kizuri, dawa kabisa. Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia akakuta watu wanamfukizia uvumba, akamvunja vipande vipande. Someni 2 Wafalme 18. Nyoka hakubadilika, shaba ni ileile. Waliobadilika ni watu.

Sasa tuangalie uvumba wetu. Jumapili, saa ya ushuhuda, nani anapewa kipaza sauti kwanza? Aliyeitwa intavyuu. Aliyepita medikali. Mama anayezunguka mji mzima na vitenge kichwani, akalipa ada ya watoto watatu bila msaada wa mtu, anaketi nyuma; eti hana ushuhuda. Nilimsikia mmoja wao baada ya ibada akisema polepole: "Mungu ya benzetu inafanya. Yetu iko wapi?" Kama Mungu anapimwa kwa simu kutoka ofisini, basi huyo si Mungu, ni karani.

Na hesabu je? UNHCR wenyewe wanasema kila mwaka: wanaopelekwa nchi ya tatu hawafiki hata 1 kati ya wakimbizi 100 duniani. Uganda peke yake inahifadhi wakimbizi zaidi ya 1,700,000. Kwa hiyo hubiri linalosema mwenye imani atasafiri limeshawahukumu 99 kwamba hawana imani. Na hao 99 ndio wanaopiga deki kanisa.

Kwenye mikesha ndiyo mbaya zaidi. Nimeona karatasi za usajili zimepangwa madhabahuni, zinapakwa mafuta mpaka wino unatanuka. Nabii anaona ndege, anaona namba ya kiti, anataja mwezi. Halafu inatajwa mbegu, shilingi 50,000, na dada ambaye hajalipa kodi anafungua mkoba.

Nchi hii inajua habari ya manabii na tarehe. Kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilitabiri dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Watu wakauza mali, wakaleta. Mwaka ukapita, dunia ipo. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao la Kanungu likateketea na mamia ya watu ndani, na baadaye miili mingine ikafukuliwa katika nyumba kadhaa, moja ikiwa Buziga, kilima ambacho wengi wetu tunakipita tukienda kazini. Sisemi kwetu kuna Kibwetere. Ninasema mtu aliyekwisha kukabidhi tarehe ya maisha yake kwa mtu mwingine, kilichobaki cha kukabidhi si kikubwa.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa na tarehe za kuruka, godoro na sufuria wameshauza, wakabaki. Nikasubiri mahubiri ya Jumapili ile. Nilidhani mtu atasimama aseme: jamani, tuliweka tumaini mahali gani? Tukatangaziwa mfungo wa kufungua anga.

Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, msicheke. Eliya aliwacheka watu wa Baali kwa sababu mungu wao hajibu. Faili likikaa miaka sita bila neno, mwenye faili atatafuta jibu kwa nabii, maana nabii anajibu usiku uleule. Mkiandika "hapana" kwenye karatasi, kwa lugha ambayo mtu anaisoma, mtafunga mikesha kadhaa.

Lakini wa kujichunguza kwanza ni sisi. Baba anayekataa mtoto asijifunze ufundi kwa sababu "tunasafiri", na amesema hivyo tangu mtoto ana miaka minane, sasa ana kumi na saba, huyo mtoto ametolewa sadaka kwa nani? Binti anakatazwa kuolewa asije akaharibu faili ya familia. Kuna nyumba haina kitanda, si kwa umaskini, ila kwa kuwa kitanda hakipandi ndege. Wenzangu, hayo ni maagizo ya dini kabisa, na hayajaandikwa popote katika Biblia yetu.

Mimi nimeomba baraza la wazee kanisani kwetu jambo moja dogo. Miezi mitatu, prosesi isitajwe madhabahuni: si kwenye ushuhuda, si kwenye mbegu, si kwenye unabii. Anayetaka kuombewa aombewe nyumbani kwake, na wanaomjua. Wazee walinyamaza muda mrefu. Kisha mmoja, mtu mwema ambaye namheshimu, akaniuliza: "Sasa watu watakuja kufanya nini?"

Tunakutana tena mwezi ujao.